Mita Kumi na Tisa Kutoka kwa Bikira

Kanuni ya mji wetu haina kona. Leseni ya pombe haitolewi ndani ya mita hamsini kutoka kanisani, shuleni au kwenye zahanati. Nimekuwa kapitan, yaani mkuu, wa kijiji hiki mihula miwili na kanuni hiyo haikuwahi kunisumbua. Unachukua tepu, unapima, unagonga muhuri, unakwenda kula. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka Nang Sorsing alipoleta barua yake.

Jina lake la ubatizo ni Consorcia Bayoneta, lakini hakuna anayelitumia isipokuwa daftari la wapiga kura. Sisi tunamwita Nang, kama tunavyomwita kila mwanamke aliyetutangulia kuzaliwa, na Sorsing kwa kufupisha. Mwaka ule alikuwa na miaka sabini na mmoja. Alikuwa mwembamba, mrefu kuliko wanawake wengi wa huku, na alivaa soksi nyeupe ndani ya kandambili. Sijui kwa nini, na sikuwahi kumuuliza.

Miaka thelathini na mmoja alikaa kwenye chumba cha simu cha kiwanda cha sukari, akiunganisha waya. Meneja akitaka Manila, Sorsing anamuunganisha. Mke wa mhasibu akitaka duka la vitambaa, Sorsing huyohuyo. Alijua nani anaumwa, nani anafukuzwa kazi mwisho wa mwezi, nani ana mwanamke mwingine mjini Bacolod, na hakumwambia mtu. Simu za mkononi zilipoingia, chumba kilifungwa. Akapewa saa ya ukutani na keki. Hakuolewa. Alimuuguza mama yake mpaka bibi yule akafika miaka tisini na minne na kufariki, na baada ya mazishi wageni walikula, wakaosha vyombo, wakaondoka. Nyumba ikabaki na mtu mmoja na vyumba vitatu.

Mimi kwangu tuko watu kumi na mmoja na bafu moja. Asubuhi tunapigana vikumbo mlangoni na taulo mabegani. Kwa hiyo upweke nilikuwa nausikia tu kwa watu, na nitasema kweli, kuna siku niliutamani.

Sasa, kila mwaka kuanzia Oktoba, sanamu ndogo ya Bikira Maria hutoka kikanisani kwetu na kutembelea nyumba za watu. Kila nyumba siku tisa. Saa kumi na mbili jioni majirani wanakuja, wanasali rozari, wanakula chochote alichopika mwenye nyumba, wanasengenyana kidogo, wanakwenda zao. Siku ya tisa Bikira anabebwa kwa mishumaa na nyimbo mpaka nyumba inayofuata. Mwaka wa kabla ya barua ile Nang Sorsing alikuwa wa mwisho kwenye orodha, na baada yake Bikira alipaswa kurudi kikanisani. Siku ya tisa mvua ikapiga ya kutisha, tukaahirisha. Kisha paa la kikanisa likawa linatengenezwa. Kisha ikaja Krismasi. Paa lilikamilika Januari. Hakuna aliyekumbusha, na Nang Sorsing hakuwa mjinga wa kukumbusha.

Bikira akakaa. Machi ikapita, Mei ikapita. Na watu waliendelea kuja, ishirini, siku nyingine ishirini na watano. Nang Sorsing akanunua viti kumi na viwili vya plastiki vya rangi ya zambarau. Saa tisa alikuwa anafagia ua, saa kumi ameshaoga, saa kumi na moja amekaa kibarazani na poda shingoni akitazama njia. Sote tulijua kwamba Bikira anazuiliwa pale. Hakuna aliyeona ubaya wake.

Ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango, ulikuwa mkahawa wa Tope Sumagaysay na mkewe Gemma. Supu yao ya tambi na matumbo ya nguruwe ilikuwa inamwinua mgonjwa kitandani, na kuku wao wa mchaichai nilimla mara nyingi kuliko ninavyotaka daktari wangu ajue. Watu walikula pale saa kumi na moja, wakajifuta midomo, wakavuka barabara kusali. Gemma mwenyewe alivuka na sufuria la ndizi na viazi vitamu vya tui, akaliweka mezani kwa Nang Sorsing, na yeye ndiye aliyekuwa anaongoza sauti za kuitikia. Ana sauti nzito, huwezi kulala ukiwa karibu naye.

Basi Tope akaomba leseni ya kuuza bia.

"Kap," aliniambia, "kuku bila bia haendi. Mteja anakula nusu kwangu, anafungasha nusu, anakwenda kuimalizia njia panda na chupa mkononi. Wiki ijayo anaona uvivu, anakula hukohuko njia panda. Nitabaki kupikia nzi."

"Leta fomu," nikamwambia.

Kikanisa kiko mita mia nne kutoka kwake, shule ni mbali zaidi, zahanati hatuna. Nilibandika tangazo ubaoni kwa siku kumi kama sheria inavyotaka, nikaanza kuwaza kuku na bia. Siku ya nane Nang Sorsing akaingia ofisini na barua iliyopigwa kwa mashine ya chapa, mistari imenyooka, sahihi mwishoni.

"Kap, naleta pingamizi."

"La nini, Nang?"

"La bia."

Nikasoma. Iliandikwa kwamba mita zisizofika ishirini kutoka mkahawa wa mwombaji ipo nyumba ya ibada ambamo rozari husaliwa kila siku, na kwamba kwa hiyo kanuni ya mji inakataza. Nilisoma mara mbili.

"Nang, hii si ni nyumba yako?"

"Watu wanasali wapi kila siku saa kumi na mbili?"

"Kwako."

"Basi."

Nilitaka kucheka, lakini akavuta kiti akakaa bila kukaribishwa, jambo ambalo si tabia yake. Sauti ikashuka.

"Kap, wakianza kunywa pale, wanaume hawatavuka barabara. Wanaume wasipovuka, wake zao watabaki kuwachunga. Mimi nitabaki na nani?"

Simu ilikuwa inaita, na karani alikuwa amesimama mlangoni na karatasi za kusaini. Nikamjibu kwa mzaha, Mungu anisamehe, "Utabaki na Bikira, Nang."

Hakucheka. "Bikira haongei," akasema. Akainuka, akanyoosha sketi yake, akatoka.

Nilimpigia simu padri. Akaniambia, "Bikira yuko ziarani, Kap, hajahamia. Pale si kanisa, ni sebule." Akaongeza kwamba yeye hataki kuja kwenye kikao, kwa sababu Nang Sorsing ndiye anayemfulia mavazi ya altare na hakuna mwingine anayejua kuyapiga pasi.

Siku moja kabla ya kikao tulikwenda kupima. Wilmar, mjumbe wa baraza la kijiji, alishika tepu. Wilmar ni mtu wa kuchukulia kila kitu kwa uzito, hata kufungua soda. Akauliza, tunapima kutoka wapi? Mlangoni? Getini? Kwenye ukuta? Tope akasema kama ni ibada, basi pimeni kutoka kwa anayeabudiwa. Nang Sorsing akasema Bikira haabudiwi, anaheshimiwa, mtu aliyefundishwa katekisimu anajua hilo. Tope akaomba radhi. Mwishowe Wilmar akapiga magoti sebuleni, akaishikiza ncha ya tepu kwenye miguu ya sanamu, nami nikaivuta nikipita katikati ya viti vya zambarau, nikashuka kibarazani, nikavuka barabara huku pikipiki zikitupigia honi, mpaka mlangoni kwa Tope. Mita kumi na tisa na sentimita arobaini.

"Mkimhamishia chumba cha nyuma?" Tope akauliza.

Tukapima chumba cha nyuma. Mita ishirini na sita.

"Jikoni?"

"Tope," nikasema, "huwezi kumtoa Bikira mita hamsini bila kumtupa mtoni."

Kikao tulikifanya kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, ule wenye paa, maana ukumbi wetu hauchukui watu wengi. Walikuja kama sitini. Wajumbe sita walikuwepo, wa saba alikuwa amesafiri. Tope alizungumza kwanza, na alizungumza vizuri. Alisema hana ugomvi na Nang, kwamba mkewe anampikia na ataendelea kumpikia, kwamba bia atauza kuanzia saa moja, rozari ikishakwisha, na akitokea mlevi wa kupiga kelele atamtoa kwa mikono yake mwenyewe. Ukiniuliza leo, yale yalikuwa maneno ya kutosha. Ningemwandikia leseni pale pale, nikaweka masharti, kila mtu akaenda nyumbani na chake.

Kisha Nang Sorsing akasimama na jalada lake. Alikuwa amevaa gauni la kanisani. Akaanza kusoma kanuni, kifungu kwa kifungu, kwa ile sauti ya simu, kila neno limepigwa pasi. Watu wakachoka. Na kutoka nyuma, karibu na nguzo ya goli, mtu akapaza sauti:

"Nang, sema tu unaogopa kulala peke yako!"

Kicheko kikapanda mpaka kwenye mabati. Mwingine akadakia, "Tutakutafutia mzee! Yupo mmoja ana meno mawili!" Hata wajumbe wangu wawili walikuwa wanaficha midomo. Nang Sorsing hakuinua macho. Aliweka kidole kwenye karatasi akasoma mstari uleule aliokwisha kuusoma, akaumaliza, akausoma tena mara ya tatu, na hakujua kwamba anaurudia.

Damu ilinipanda. Mimi nina hasira za karibu, mume wangu anajua, watoto wanajua, sasa na kijiji kinajua. Nikapiga nyundo mpaka kalamu ikaruka mezani. Nikaita kura. Watatu wakasema apewe, watatu wakasema anyimwe. Zikilingana, kapitan ndiye anayeamua.

Sikufikiri. Sikuwaza kuku wala kanuni wala neno la padri. Nilikuwa nataka tu kuwafunga midomo wale wa nyuma.

"Kapitan anakataa ombi," nikasema kwenye kipaza sauti. "Nyumba ya Consorcia Bayoneta ni nyumba ya ibada. Iandikwe hivyo. Kikao kimefungwa."

Nang Sorsing alinitazama kama mtu niliyemuokoa majini. Sitalisahau jicho lile. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa, nikamwambia mume wangu kwamba leo nimetenda haki.

Tope hakukata rufaa. Alinikuta dukani siku ya pili yake akaniambia, "Kap, na Nang sina kinyongo. Na wewe nitakuwa nacho kidogo, univumilie." Alinivumilisha miezi mitatu, kisha akakodi kibanda njia panda, kwenye barabara kuu, katika kijiji cha jirani ambako hakuna Bikira wa kumpima. Septemba wakapakia meza, majiko na mabango kwenye lori. Gemma alivuka barabara mara ya mwisho, akamkumbatia Nang Sorsing getini, na wote wawili walilia. Sufuria la tui alimwachia.

Mwanzoni hungeona tofauti. Zile wiki za baada ya kikao watu walifurika, wengine walisimama uani, kwa kuwa sasa ilikuwa ni nyumba ya ibada kwa azimio la kijiji na kila mtu alitaka kuiona. Lakini Tope alipoondoka, hakuna aliyekuwa na sababu ya kuwa mtaa ule saa kumi na mbili. Wale wa supu wakaifuata supu. Taa ya mkahawa ikazima na barabara ikawa giza, na wazee wenye magoti mabovu wakaogopa mashimo.

Halafu ikafika Oktoba, na hapo ndipo tulipofanya lile jambo ambalo nadhani ni sisi tu duniani tungeweza kulifanya. Bikira anapaswa kuzunguka. Kamati ya kikanisa ikakaa, Wilmar akiwemo, akawasomea azimio. Akasema, nyumba ya Nang sasa ni nyumba ya ibada kisheria, na ni nyumba ya ibada kwa sababu ya Bikira. Tukimtoa, azimio linakuwa la uongo, na Tope anaweza kutushtaki sote. Kamati ikashtuka. Wakachanga, wakanunua Bikira mwingine mjini, mpya, mwenye taji linalometa, na huyo ndiye akaanza kuzunguka.

Nilisaini hati ya manunuzi bila kusoma. Kila kitu nilisaini mwaka ule.

Nadhani unaona kilichotokea. Watu wetu wanakwenda anakokwenda Bikira mgeni. Mgeni ana siku tisa tu, ukichelewa umemkosa, na kila nyumba inataka ipike kuishinda iliyotangulia. Lakini aliyehamia ni wa kudumu, na mahali pa kudumu watu huenda Jumapili, tena Jumapili walikuwa na kikanisa chenye paa jipya. Kwa Nang Sorsing wakabaki kumi na mmoja. Wakabaki wanne. Akabaki bibi mmoja kiziwi, kisha bintiye akaja kumchukua.

Nilipita pale jioni moja ya Novemba, natoka kukagua mtaro. Saa kumi na mbili na dakika kadhaa. Mlango ulikuwa wazi, taa zote zinawaka, na nikasikia rozari. Nikafurahi. Nikajiambia, kumbe watu wapo, maneno ya mitaani tu. Nikasogea getini.

Sijui kama unasali rozari. Anayeongoza anasema nusu ya kwanza, "Salamu Maria, umejaa neema," na watu wanapokea nusu ya pili, "Maria mtakatifu, Mama wa Mungu." Ndani ya nyumba ile nilisikia nusu ya kwanza kwa sauti ya juu, safi, ile ya simu. Kisha nikasikia nusu ya pili kwa sauti nzito, ya chini, inayoburuta. Kisha ya juu. Kisha nzito. Viti kumi na viwili vilikuwa vitupu, vimepangwa nusu duara. Nang Sorsing alikuwa anaongoza na anajiitikia, na sauti ya kuitikia alikuwa anaiga ya Gemma.

Niliingia. Viatu vyangu vilikuwa na matope, nikavivua kibarazani, nikakaa kiti cha kwanza, na alipofika mwisho wa nusu yake nikaichukua yangu. Hakugeuka. Tulimaliza matendo yote matano ya rozari na litania, na mimi litania siijui, nilikuwa nababaisha.

Akaniletea chai na biskuti za kopo. Akasema, "Kap, andika kwamba nilikosea."

"Ulikosea nini, Nang?"

"Andika kwamba hii ni nyumba. Nyumba tu, ya mtu."

"Tope ameshahama. Hatarudi."

"Simzungumzii Tope. Bikira akiacha kuwa mkazi, akawa tena mgeni, watu watarudi kumsalimia. Watu wanapenda mgeni." Aliusukuma mkono wangu kidogo, kama mtu anayebembeleza. "Wewe ulisema, ikawa. Sema tena."

Hapo nikaona niseme ukweli. "Nang, mimi sikuamini siku ile kama hapa ni nyumba ya ibada. Niliwakasirikia waliokucheka."

Alivunja biskuti vipande vinne.

"Ulinihurumia," akasema.

"Nilikuhurumia."

"Mimi nilidhani nilisoma vizuri."

Nilisema atakuwa amesoma vizuri pia, na hilo lilizidisha ubaya. Nikamuahidi kikao.

Kikao cha Desemba nililileta jambo lile. Wilmar akauliza, ni kwa kifungu kipi tunaivua nyumba uibada wake? Kama tulikosea, basi Tope alinyimwa haki, na nani atamlipa kibanda cha njia panda? Mwingine akasema tusubiri baada ya uchaguzi. Hakuna aliyeunga mkono. Jambo likaingizwa kwenye faili la yanayosubiri, na bado lipo humo. Ningeweza kupiga nyundo. Lakini hasira zangu huja wakati zisipotakiwa, na siku ile nilikuwa na mafua na wajukuu wawili hospitali. Nang Sorsing nilimtumia ujumbe kwa mtu. Kwenda mwenyewe sikwenda, kwa aibu. Nilipita njia ya mtoni, ambayo ni ndefu, mpaka Februari.

Februari nilikuwa natoka mjini na basi likaharibika njia panda. Jua lilikuwa bado halijazama. Nikaona bango la Tope, nikasema liwalo na liwe, nina njaa. Mkahawa ulikuwa umejaa. Meza ndefu ya katikati ilikuwa ya madereva na wafanyakazi wa mashamba ya miwa, wanakunywa kwa desturi yetu, glasi moja kwa wote, mmiminaji anamimina, mtu anakunywa, anarudisha, inakwenda kwa anayefuata. Na mwisho wa meza ile, kati ya dereva wa lori na ukuta, alikuwa amekaa Nang Sorsing katika soksi zake nyeupe, na bakuli la supu mbele yake.

Gemma alinishika mkono kabla sijauliza. "Anakuja Jumanne na Ijumaa," akasema kwa sauti ya chini. "Anapanda pikipiki yenye kitoroli cha abiria saa tisa, anaondoka na ya mwisho. Mwanzoni alikaa pembeni peke yake, wanaume wakaona vibaya, wakamwita mezani."

"Anaongea nao?"

"Haongei sana. Wanamheshimu. Wanapunguza matusi."

Nilisimama nikatazama. Glasi ilizunguka. Ikafika kwa dereva wa lori, akanywa, akarudisha, na mmiminaji akajaza akampa yule wa upande wa pili wa meza. Ikazunguka tena, ikamruka tena. Hawakuwa na nia mbaya. Ni mtu mzima, ni Nang, ni mtu wa rozari, nani angethubutu? Kila glasi iliporuka nafasi yake alikuwa anaifuata kwa macho mpaka inapokaa kwa mwingine, kisha anarudi kwenye supu.

Mzunguko wa tatu akaweka kijiko.

"Na mimi?" akasema.

Mmiminaji, jamaa mwenye mabega mapana na kofia ya chama cha wakulima, aliitazama chupa, akamtazama Tope aliyesimama jikoni, Tope naye akanitazama mimi, kana kwamba bado nagawa leseni. Mimi nikatazama chini.

"Nang, hii ni bia," mmiminaji akasema.

"Naona. Si kipofu."

Akammiminia kiasi cha kidole kimoja. Alikunywa yote, uso ukamkunjamana, akaifuta glasi mdomoni kwa leso yake nyeupe kabla ya kuirudisha. Dereva wa lori akasema, "Nang, leso ni ya nini, sisi sote tuna mate yaleyale," wakacheka, na safari hii na yeye alicheka, kidogo, mkono mdomoni. Glasi ikaendelea. Mzunguko uliofuata mmiminaji hakumruka.

Tulirudi pamoja kwenye kitoroli, magoti yetu yakigongana. Alinukia poda na bia. Miwa ilikuwa imekatwa pande zote mbili, kwa hiyo ungeweza kuona mbali, nyumba moja moja zenye taa. Nilikuwa natafuta namna ya kuomba msamaha na kila neno nililolipata lilikuwa na harufu ya ofisi. Nikaishia kuuliza la kijinga, kwa sababu saa ilikuwa kumi na mbili na nusu na nilikumbuka.

"Nang, na rozari leo? Bikira umemwacha na nani?"

Aliyageuza macho njiani.

"Nimemwacha peke yake," akasema. "Na yeye ajaribu, aone."